Nani Amshushe Mama

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana watu walikuwa na simu mifukoni na ndege ziliruka kwenda Mbeya, alikuwepo mama mjane aitwaye Subilaga. Kwao asili ni Tukuyu, lakini alikuwa akiishi Dar es Salaam, Yombo, tangu alipoolewa. Alikuwa na watoto watatu.

Wa kwanza Atupele. Huyu alikuwa na mgahawa wake mdogo, na aliishi nyumba moja na mama yake. Wa pili Gwamaka, mwanamume pekee, aliyejenga Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Wa mwisho Lugano, mwalimu wa sekondari kule Iringa.

Nawaambia mapema ili msije mkanielewa vibaya. Hiki si kisa cha watoto waliomtupa mama yao. Ni kisa cha watoto waliomng'ang'ania.

Macho ya Bi. Subilaga yakaanza kufifia. Daktari akasema ni presha ya macho. Akasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitakwenda polepole. Lini kitaisha, hajui. Mama akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele yake anakiona, cha pembeni ni giza. Akawa anajigonga kwenye milango ya nyumba yake mwenyewe.

Watoto wakapigiana simu. Wakakubaliana mambo mawili. La kwanza, Krismasi waende wote Tukuyu kwa mama mdogo, wapumzike na mama yao. La pili, likizo ikiisha mama aende kuishi na mmoja wao, moja kwa moja, mtu wa kuwa naye mchana kutwa. Yupi? Hapo kila mmoja alisema neno moja tu.

Atupele akasema, "Mimi."

Gwamaka akasema, "Mimi."

Lugano akasema, "Mimi."

Simu zikakatwa.

Gwamaka akawahi. Akatuma ujumbe kwamba ameshapanga safari ya ndege, waingie asubuhi, washuke asubuhi hiyohiyo. Atupele akajibu sawa. Lugano yeye akampigia mama yake akamwuliza, "Mama, na wewe unatakaje?"

Mama akahamishia simu sikio la pili. Halafu akasema, "Nilikuja huku nikiwa bi harusi, ndani ya basi, nikilia njia nzima. Sikuona kitu. Kaka yako amenipandisha ndege mara mbili, nikaona mawingu. Nchi ya katikati siijui mwanangu. Ningependa kuiona wakati bado naona."

Lugano akasema, "Basi twende na treni."

Na ikawa treni. Lakini hapo ndipo wivu ulipoingia, tena uliingia kabla ya mizigo. Gwamaka aliudhika kwamba ndege yake imekataliwa. Atupele aliudhika zaidi. Anaishi na mama miaka yote hiyo, anamfulia, anampikia, anamtia dawa ya macho asubuhi na jioni, na hamu ile ya mama hakuijua. Mama amemwambia mtu wa Iringa, kwa simu.

Wakachukua chumba cha vitanda vinne, wao wanne peke yao. Chumba kilikuwa na dirisha moja kubwa. Mama akakaa upande mmoja wa dirisha. Upande wa pili, mkabala naye, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kumwambia nini kinapita. Watu watatu, nafasi moja.

Atupele akakaa wa kwanza, kwa haki ya ukubwa. Treni ikatoka Dar, ikapita mashamba ya mihogo na minazi. Atupele si mtu wa maneno. Alisema, "Mama, mihogo." Baadaye akasema, "Mama, minazi." Kisha akatoa chupa ya dawa akamtia mama matone, akamfuta shavu kwa kona ya kanga. Mama akasema, "Asante, Lugano."

Alikosea jina tu. Mama yeyote huyachanganya majina ya watoto wake. Lakini Atupele aliinuka akapanda kitanda cha juu, akageukia ukutani.

Gwamaka akashika nafasi. Yeye hakuangalia dirishani. Alianza kumweleza mama nyumba ya Uyole: chumba chako nimekijenga chini, hakina ngazi, mlangoni nimeondoa kizingiti usijikwae, choo kimo humohumo, nje kuna kibaraza cha kuotea jua. Mama akasikiliza. Akasema, "Umefanya vizuri baba." Halafu akauliza, "Na hapo nje sasa hivi kuna nini?" Gwamaka akatazama, akasema, "Pori tu, mama."

Alipokwenda kunawa, Lugano akateleza akakaa mahali pake. Treni ilikuwa imeingia kwenye hifadhi, na jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya majani. Lugano akashika kidevu cha mama akakielekeza taratibu. "Hapohapo mama, usisogee. Unamwona twiga? Amesimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Sasa subiri, yule mdogo anakuja. Umemwona?" Mama akacheka. Alicheka kicheko ambacho Atupele, huko juu kitandani, hakuwa amekisikia Yombo kwa muda mrefu. Akajifunika shuka kichwani.

Wakati wa kula, Atupele akafungua hotpoti. Alikuwa amekaanga kuku mzima. Kwao firigisi ni ya mwanamume wa nyumba, na tangu baba yao afariki ilikuwa ya Gwamaka, hakuna aliyehoji. Mama akaipapasa kwenye sahani, akaitambua, akaiweka mkononi mwa Lugano. "Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Umenionyesha twiga."

Gwamaka akasema ameshiba. Hakuwa amekula hata paja.

Wakalala hivyo, kila mmoja na kinyongo chake kitandani.

Asubuhi waliamkia milimani. Mnaoijua njia ile mnajua ilivyo: treni inaingia handaki, inatoka, inavuka daraja, inaingia handaki jingine, na chini kabisa mto unaonekana kama uzi. Kulikuwa na ukungu na baridi. Treni ikasimama kwenye kituo kidogo, nyumba moja na mahindi ya kuchoma, ikisubiri treni ya mizigo ipite.

Mama akasema, "Nasikia maji yanaanguka upande ule. Nani anishushe nikayaone?"

Atupele akasema, "Mimi."

Gwamaka akasema, "Mimi."

Lugano akasema, "Mimi."

Na hakuna aliyeinuka, kwa sababu kila mmoja aligeuka kumtazama mwenzake.

Atupele ndiye aliyeanza. Akamwambia Lugano, "Wewe jana umekaa naye mpaka jua likazama. Unakuja kwa mama mara moja kwa mwaka, unacheka naye, unaondoka, halafu kesho yake mimi ndiye nafua mashuka."

Lugano akasema, "Nani alikuzuia kucheka naye dada? Unamtunza kama mzigo uliowekewa."

Gwamaka akasema, "Wote wawili nyamazeni. Atu, umemfungia mama Yombo, unarudi kutoka mgahawani giza limeshaingia, siku nzima anapapasa kuta. Huko ndiko kumtunza?"

Atupele akasema, "Afadhali anayerudi na giza kuliko anayerudi na Krismasi. Umejenga chumba ili watu wakuone umejenga."

Lugano akasema, "Na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwuliza anataka nini."

Wakaendelea. Yaliyokaa moyoni tangu utotoni yakatoka: nani alinunuliwa viatu, nani aliachishwa shule ili mwingine asome, nani alikuwa karibu baba alipokata roho na nani alifika baada ya mazishi. Treni ya mizigo ikapita kwa kishindo, wakapandisha sauti ili wasikike juu yake. Honi ya treni yao ikalia. Behewa likatikisika, likaanza kusogea.

Lugano alikuwa amefungua mdomo kujibu kitu, macho yake yakapita mahali pa mama. Mahali pa mama palikuwa patupu.

Wenzake walikuwa bado wanasemezana. Yeye akatoka chumbani hadi kwenye ujia wa behewa, akatazama madirisha ya upande wa pili, upande usio na kituo. Akaona kilemba cha kijani cha mama kwenye ukungu, chini ya tuta la reli. Akasema, "Mama yuko nje."

Aliposema hivyo treni ilikuwa ikitambaa. Miguu yake ikagoma. Alishika chuma cha dirisha, akawa anarudia neno hilohilo, mama yuko nje, mama yuko nje, mkono umenyooka kuonyesha.

Atupele hakuuliza. Alikimbia ujia wote hadi mlangoni, akafungua, akaruka. Mwanamke mtu mzima, mnene kidogo, na gauni la safari. Akaanguka kwenye kokoto, goti likapasuka, kifundo cha mguu kikapinda. Akainuka akachechemea kuelekea kilemba.

Mama alikuwa amesimama akisikiliza. Milima ile inarudisha sauti. Treni ilikuwa inaondoka nyuma yake, lakini mwangwi wa honi ulitokea mbele, bondeni, na mama akadhani treni iko mbele. Akaanza kutembea kuelekea mwangwi. Mbele yake palikuwa na majani marefu, na baada ya majani palikuwa na korongo lenye yale maji aliyotaka kuyaona. Atupele alimdaka kanga. Kanga ikamtoka. Akamdaka gauni, akamvutia kwake, wakaanguka pamoja kwenye umande.

Mama akauliza, "Ni nani?"

Akasema, "Ni Atu, mama."

Sasa Gwamaka. Wakati dada yake anaruka, yeye alishafika penye mkono wa breki ya dharura, ule ulioandikwa kwamba atakayeuvuta bila sababu atashtakiwa. Akauvuta. Treni nzima ikapiga kelele, masanduku yakaanguka, chai za watu zikamwagika. Ikasimama baada ya kona, mlangoni mwa handaki. Gwamaka akashuka akarudi mbio juu ya mataruma ya reli. Akawakuta. Akambeba mama mgongoni kupanda lile tuta la matope, akamfikisha kwenye behewa, akarudi akambeba na dada yake, ambaye hakuweza tena kukanyaga.

Gadi wa treni akaja amefura. Akamwambia Gwamaka mbele ya abiria wote kwamba mtu mzima hamwachi mama asiyeona akashuka peke yake, na kwamba angekuwa amelewa angeeleweka. Abiria wengine wakaitikia. Gwamaka angeweza kusema hatukuwa mmoja, tulikuwa watatu. Hakusema. Alisimama akiwa amelowa matope, akaitikia, "Ni kweli mzee. Kosa ni langu."

Gadi alipotulia akasema jambo jingine kwa sauti ya chini. Treni ingeingia handakini, hakuna simu inayoshika huku, na treni nyingine ya abiria haipiti leo. Mama na binti mwenye mguu ulioteguka, kwenye baridi ile na mvua inayokuja. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Mkasa ungekuwa umeishia hapo, tungeshukuru Mungu na kuzungumza mengine. Lakini wivu ule haukuteremka kituoni. Mama alipopewa chai, wakagombania nani amshikie kikombe.

Mama akakishika mwenyewe. Akasema, "Nilishuka kwa sababu nilichoka. Mlikuwa mnanigombania kama kiti cha kwenye basi. Kiti hakiulizwi. Sasa nataka kuwasikia. Semeni kila mtu lake, na mwenzake asimkatize."

Atupele, mguu wake umefungwa kitambaa, akasema, "Mimi nimeruka mama. Sikupima kama treni inakwenda kasi ama polepole. Na kabla ya leo nimeruka mengi. Yule mwanamume aliyetaka kunioa akanihamishie Songea, nilimwambia siendi, mama yangu abaki na nani? Sijawahi kukwambia. Mikono hii ndiyo imekutia dawa kila siku. Kama kuna macho yamebaki hapo, ni kwa mikono hii. Na leo ningechelewa kidogo ungekuwa chini kwenye maji."

Gwamaka akasema, "Dada karuka, sikatai. Lakini angeruka treni ikaenda, mngekuwa wawili wa kufa kwa baridi badala ya mmoja. Ni mimi niliyeisimamisha. Ni mimi niliyewabeba wote wawili. Na nimetukanwa kama mlevi kwa ajili ya watatu. Mama, mtu hahitaji anayemrukia tu, anahitaji mahali pa kukaa. Nimekuandalia chumba. Nimekijenga nikikufikiria wewe, si watu."

Lugano akajifuta macho kwa kiganja. Halafu akasema, "Mimi sikuruka na sikuvuta breki. Niliganda. Hilo nitalala nalo siku zangu zote. Lakini dada na kaka, semeni ukweli. Nani aliona kwamba mama hayupo? Mlikuwa mnagombana juu ya mama, na mama ameondoka mbele ya macho yenu. Nisingetazama, Atu angeruka kwenda wapi? Gwamaka angevuta breki kwa sababu gani? Mama, macho yako yanakwisha. Unahitaji anayetazama kwa ajili yako. Mimi natazama. Treni hii yenyewe umeipanda kwa sababu mimi niliuliza."

Atupele akasema, "Na usingeuliza, tungekwenda na ndege, asingeshuka popote."

Mama akasema, "Nimesema asimkatize."

Treni ikatoka milimani, ikapita Makambako, ikashika nyanda za juu. Mashamba ya viazi, misitu ya misindano, watoto wakipunga mikono. Mama alikaa dirishani akatazama mwenyewe. Wakati mwingine alitabasamu kwa kitu ambacho hawakujua ni kipi, na kila mmoja wa watatu akamwonea wivu huyo mtu, au huyo ng'ombe, aliyetabasamiwa.

Walipokaribia Mbeya, mama akajifunga kilemba upya. Akasema, "Nikitaja jina moja, wawili watasema nimewakana kwa mdomo wangu. Sitataja. Tukifika mtatangulia kushuka ninyi. Mimi nitasimama mlangoni, ngazi za treni ni ndefu, na sirudii tena kushuka peke yangu. Kila mmoja atanipa mkono, na asiseme kitu. Nitakayeshuka naye ndiye nitakayeishi naye. Na wale wawili, atakayeninunia asije msibani kwangu."

Treni ikaingia stesheni. Jua la jioni lilikuwa linapiga moja kwa moja mlangoni mwa behewa, na kwa macho kama yale, jua la usoni ni sawa na giza. Mama hakuona watu wala hakuona stesheni.

Chini walisimama watatu. Atupele kwa mguu mmoja, ameegemea nguzo. Gwamaka na matope yaliyokauka kwenye shati. Lugano na macho mekundu. Wakanyoosha mikono, mitatu, bila sauti. Abiria waliokuwa wanashuka mlango wa pili wakasimama kutazama.

Mama akauinamia wa kwanza, akaupapasa. Ulikuwa na ngozi ngumu ya masufuria. Akaupapasa wa pili, mpana, una mchubuko mbichi wa chuma cha breki. Akaupapasa wa tatu, mwembamba, una sugu ya kalamu kidoleni.

Msiniambie alikuwa anabahatisha. Mama aliyewaogesha watoto wake hawezi kuishika mikono yao asiijue. Alijua upi ni wa nani. Akasimama wima pale mlangoni, akavuta pumzi, kisha akaushika mkono mmoja kwa nguvu akashuka, na mikono miwili ikabaki hewani.

Nimekisimulia kisa hiki mahali pengi, na watu huondoka wamenuniana. Wapo wanaosema Atupele, kwa sababu damu yake ilimwagika pale kwenye kokoto na miaka yake ilikwenda kimyakimya. Wengine huwauliza hao, aliyeishi na mama miaka yote bila kujua hamu yake, alikuwa anaishi na nani? Wapo wanaosema Gwamaka, kwa sababu bila yeye hakuna aliyerudi. Wengine wanasema aliyeona pori tu dirishani atamwonyesha nini mama kipofu? Wapo wanaosema Lugano, aliyeuliza na aliyeona. Wengine wanasema kesho mama akianguka kisimani, Lugano atasimama anyooshe kidole. Na bibi mmoja kule Rujewa aliniambia kwamba hakuna hata mmoja, watatu wote walimwua mama yao kwa ulimi na Mungu akamrudisha, na angekuwa yeye angemwita mpagazi amshushe.

Mimi najua ni mkono upi ulioshikwa. Nilikuwa mlango wa pili. Lakini nikiwaambia mtasema mama alichagua sawa kwa sababu ni mama, na mimi siwaulizi mama alichagua nini. Mmesikia aliyeona, mmesikia aliyeruka, mmesikia aliyeisimamisha treni. Semeni ninyi: je, nani alistahili kumshusha?